Kiti Kisichokaliwa na Sketi

Sehemu ya kumi na nne

Kidole gumba cha Jenerali kilikuwa juu ya lakiri nyekundu tulipoachana juma lililopita. Haya, amebonyeza. Lakiri imepasuka, bahasha imefunguka, na wazee tisa wamenyoosha shingo kama bata waliosikia kisu kikinolewa.

Jenerali Valcroze, mwenye miaka sabini na minane, aliyeshindwa mapigano matano na kuvishwa nishani kwa kila moja, alivaa miwani yake polepole. Wosia wa marehemu ni kitamu cha mwisho wanachopewa wazee, nao hukimung'unya.

Sibylle de Lanquetot alisimama kando ya jiko la makaa, mikono nyuma. Alikuwa akitazama kitu kimoja tu: kiti kirefu mwisho wa meza, chenye ua la yungiyungi lililochongwa kwenye mgongo wake. Kilikuwa kitupu. Mwenyewe, Mzee Aymar, baba yake Sibylle, alizikwa jana.

Aliyekalia kiti hicho ndiye mkurugenzi wa Yungiyungi, gazeti la Paris la wale wanaotaka mfalme arudi Ufaransa. Sibylle alikitaka kama mwenye homa anavyotaka maji.

Na nani amnyime? Vita vilipokwisha, serikali mpya ililipiga gazeti marufuku na kumtia Mzee Aymar gerezani kwa yale aliyoyaandika Wajerumani walipokuwa mjini. Aliyelifufua mwaka wa arobaini na saba ni Sibylle. Karatasi zilikuwa za mgao, alizipata. Hakuna mwenye nyumba aliyetaka kuwapangisha; alipata chumba hiki juu ya bucha ya nyama ya farasi. Baba yake alipotoka kifungoni, nusu ya mwili imepooza, alikuta gazeti lake likimngoja mezani pamoja na supu.

Jenerali akasoma.

Maneno yalikuwa machache. Mzee Aymar alisema gazeti linalopigania ufalme halirithiwi kama duka la mboga. Kiti kiende kwa sheria ya ufalme: mwanamume kwa mwanamume, yule aliye karibu zaidi kwa damu. Mwanamke asikikalie, wala mtoto wa mwanamke.

Hakumtaja binti yake hata kwa kumshukuru kwa supu.

Wazee wote tisa waligeuka kumtazama Gontran, mtoto wa baba mdogo. Alikuwa ameketi dirishani, mguu juu ya mguu, akinyoosha soksi zake za hariri. Gontran hajawahi kuandika mstari hata mmoja maishani mwake ila barua za mapenzi, na hizo alinakili kwa rafiki.

"Masikini mimi," alisema. "Kumbe ni mimi."

Sibylle alitoka kwenye jiko. Aliwauliza wazee kama wanayasoma makala ya ukurasa wa kwanza, yale yanayotiwa saini ya Mlinzi. Wakasema wanayasoma, tena wengine huyakata na kuyaweka ndani ya vitabu vya sala. Je, wanadhani mwandishi ni nani? Ni marehemu, bila shaka. Mzee mmoja aliapa kwamba humsikia Aymar akipumua katika kila sentensi.

"Mkono wake wa kuume ulifia gerezani," Sibylle alisema. "Haukushika hata kijiko. Mlinzi ni mimi. Miaka minne, kila juma, ni mimi."

Huko chini, panga la mchinjaji liliangukia mfupa.

Aliyecheka wa kwanza ni Gontran. Aliinuka, akapekua rundo la magazeti ya zamani ukutani, akavuta toleo la Pasaka iliyopita na kumpa Jenerali kwa adabu zote. Alimwomba asome palipopigwa mstari. Jenerali alikuwa amepapenda mno mahali pale hata akapapigia mstari yeye mwenyewe.

"'Mwanamke na kiti cha enzi,'" alisoma, "'wana undugu wa aina moja tu: yeye hukifuta vumbi. Akishakifuta na aondoke, kabla joto la mwili wake halijakichafua.'"

"Umeandika wewe hayo, dada?" Gontran aliuliza.

Sibylle ndiye aliyeyaandika. Aliyaandika alfajiri, jikoni, huku akimchemshia baba yake maziwa, na siku ile aliona hajapata kuandika maneno mazuri kuliko hayo. Barua arobaini za pongezi zilikuja, zote zikianza "Bwana Mlinzi mpendwa."

"Basi usilie," Gontran alisema. "Sanda umejishonea mwenyewe, na kiunoni imekukaa vizuri."

Hawakupiga kura. Kura ni uchafu wa jamhuri, na wazee hawa wangekula sabuni kuliko kuinua mkono kuhesabiwa. Walisimama tu, mmoja baada ya mwingine, magoti yakilia, na Gontran akaenda kwenye kiti. Lakini hakukaa. Alipitisha kidole juu ya mkono wa kiti, akakitazama kidole.

"Kina vumbi," alisema.

Sibylle alielewa. Wote walielewa. Mzee mmoja aligeukia dirishani. Wanane waliobaki waliona afadhali watazame.

Alitoa leso yake. Akafuta mgongo wa kiti, akafuta ua petali kwa petali, akafuta mikono, akafuta pale pa kukalia.

"Na miguu yake," Gontran alisema.

Akapiga magoti.

Alipokuwa huko chini, Gontran alimweleza maisha yatakavyokuwa. Asiogope kufukuzwa, atabaki. Ataandika anwani kwenye bahasha za wasomaji wa mikoani, atapika kahawa, siku za Jumapili atawashonea vifungo vijana wanaouza gazeti mbele ya makanisa na kurudi wamechaniwa makoti. Kuhusu Mlinzi, jina lile atapewa baharia mstaafu mmoja wanayecheza naye karata.

"Mlinzi ana ndevu sasa," alisema, akakaa.

Msomaji wangu, kuna watu wakipigwa chini hulia, na kuna watu wakipigwa chini huokota jiwe. Sibylle, akiwa bado magotini, leso mkononi, alimgeukia Jenerali na kumwomba msaada kama mwanafunzi mjinga. Alisema kuna jambo la sheria ya ufalme halijampambazukia. Hivi mfalme anaweza kumnyima taji mwanawe wa kwanza, akiona kijana amemkosea?

Lo, alimkuna Jenerali pale pale panapowasha. Mzee alivimba. Alisema haiwezekani, haijawezekana, haitawezekana. Taji si kofia ya mfalme hata amvike amtakaye. Palikuwa na mfalme mmoja mwehu aliyetia saini kumnyang'anya mwanawe ufalme, na Mbingu zikamtuma msichana mchunga kondoo kuja kuifuta saini ile kwa upanga. Baba anaweza kumlaani mwana, anaweza kumfukuza, anaweza kumfunga. Kumfanya asiwe mrithi, hawezi.

"Hata akitangaza gazetini?"

"Hata akitangaza kutoka juu ya altare," Jenerali alisema.

Sibylle akasimama, akakung'uta sketi yake.

Aliwakumbusha tangazo la mwaka wa arobaini na mbili, ukurasa wa kwanza, ndani ya fremu nyeusi: Mimi Aymar de Lanquetot sina mwana. Renaud, kaka yake Sibylle, alikuwa amekwenda milimani kuungana na waliokuwa wakipigana na Wajerumani. Mwaka uliofuata alikamatwa darini huko Lyon na kupelekwa kwenye makambi ya Wajerumani, na hakurudi. Tangazo lile, kwa maneno ya Jenerali mwenyewe, ni karatasi ya kufungia samaki.

Gontran alisema vizuri, tangazo lifutwe, marehemu aombewe misa, twendeni tukale. Jenerali alijifuta jicho. Alikuwa baba wa ubatizo wa Renaud. Alimshika yeye mwenyewe juu ya maji.

"Kijana alishakufa, binti yangu," alisema.

"Yuko ngazini," Sibylle alisema, akafungua mlango.

Kwenye kidato cha juu alikuwa ameketi fundi Tixier, aproni imejaa wino, prufu za juma hili magotini.

Kila mmoja chumbani alimjua Tixier. Ni mpanga herufi wa kiwanda kinachochapa Yungiyungi, na kila Alhamisi kwa miaka miwili sasa huleta kurasa za majaribio ili mkurugenzi atie saini chini ya ukurasa wa kwanza. Saini isipokuwapo, mashine haizunguki. Ndivyo mafundi wa chapa wa Paris walivyo, hata awe askofu anayewasihi. Meno ya mbele hana. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Siku za Jumapili huuza gazeti la Wakomunisti ng'ambo ya kanisa, uso kwa uso na vijana wa Yungiyungi, na Jumapili iliyopita Jenerali alimpasua nyusi kwa bakora. Plasta bado ilikuwepo.

Mzee Aymar naye alikuwa akimwona kila Alhamisi. Siku moja prufu zilipochelewa alimrushia kikombe kwa mkono wake mzima, akamwita mbwa mwekundu.

Hakuna aliyemtambua. Ila mmoja.

Sibylle alimjua tangu Alhamisi ya kwanza. Alimwona anapangusa viatu mlangoni, kila mguu mara mbili, na kila akivuka kizingiti hufanya hivyo, jinsi mama yao alivyowafundisha kwa kiboko. Alimjua, akamwambia, weka mezani uende. Naye Renaud aliona kwamba amejulikana, akaweka mezani, akaenda. Miaka miwili hiyo dada hakumwambia kaka hata "keti."

Sasa alikuwa na haja naye. Hesabu yake ilikuwa hivi, nawe ifuate maana ni ya kishetani. Mwanamke hawezi kurithi kiti. Lakini mfalme akiwa mtoto, au mwehu, au hayupo, sheria hiyo hiyo inamruhusu mwanamke wa damu yake awe kaimu wake. Malkia wangapi waliitawala Ufaransa hivyo! Renaud ni mrithi, hilo halina ubishi. Renaud ni Mkomunisti. Atakitemea mate kiti na kushuka ngazi. Mfalme hayupo. Na dada wa mfalme ni nani?

Gontran alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Alisema huyu ni fundi, tena fundi mchafu, na kama kila asiye na meno ni Lanquetot basi Paris ina Walanquetot elfu kumi. Alitaka ushahidi.

"Siku ya komunyo yako ya kwanza," Tixier alisema kutoka mlangoni, "ulikula bata mzima wa wageni, ukamsingizia mbwa. Picotin, jina lake. Baba akampiga risasi mbele yetu. Ukaomba ngozi."



Ngozi ile bado ilikuwa mbele ya kitanda cha Gontran.

Ilikuwa kazi kumtoa kitini. Wazee wawili walimshika makwapa kwa heshima ya damu yake, wa tatu akambandua vidole. Kisha baraza zima, walinzi wa taji na altare, likateremka kwenye magoti mbele ya muuza magazeti ya Wakomunisti, kwa sababu kanuni ni kanuni. Jenerali alikuwa wa mwisho kushuka. Alitazama ile plasta juu ya jicho.

"Nilidhani ni mtu mwingine, mwanangu," alisema.

"Nilijua, baba. Ndiyo maana ulipiga kwa raha."

Sibylle alisubiri mate. Renaud aliwatazama wale wazee magotini, akamtazama dada yake, ambaye peke yake alikuwa amesimama. Alipangusa viatu, kila mguu mara mbili. Akaingia. Akapita meza nzima, akakaa kwenye kiti kwa matako yake yote mawili, na viganja vyake vikaacha alama nyeusi kwenye mikono ya kiti aliyoifuta Sibylle.

Hapo ndipo Sibylle alipoona amekosea hesabu.

"Ulifikiri nitakataa," Renaud alisema. "Mkomunisti akipewa gazeti anakataa? Hujatuelewa bado, dada."

Aliwaambia wazee wasimame, wasije wakashikwa na baridi yabisi. Alisema ni kweli, gazeti hili hana haja nalo. Anaweza kulifunga leo kabla ya chakula cha mchana, na asipotia saini prufu hizi limekwisha fungwa. Pia anaweza kumfanya dada yake kaimu wa kiti, maisha yake yote, kwa maandishi, mbele ya mashahidi tisa. Yote mawili kwake ni mamoja. Lakini ana swali.

Akatandaza ukurasa wa kwanza mezani. Katikati palikuwa na nafasi nyeupe, safu mbili kwa upana, ndani ya fremu. Ni mahali pa tanzia ya Mzee Aymar, iliyokuwa bado haijaandikwa.

"Alhamisi iliyopita nilikuwa pale ngazini," alisema. "Baba alikuwa anakata roho. Nilisikia akiniita kwa jina. Renaud, Renaud. Mara tatu. Yaliyofuata sikuyasikia, mlango mzito. Halafu nikakusikia wewe, kwa sababu wewe husema kwa sauti. Ulimwambiaje?"

Wazee tisa walimtazama Sibylle. Gontran naye, sakafuni alikoachwa, aliinua kichwa.

"Nilimwambia umekufa," Sibylle alisema.

Mzee mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Nilipo mimi na ulipo wewe, msomaji, tunajua kwa nini alisema vile: mwana akiingia, binti anatoka. Wazee nao hawakuwa wajinga kiasi hicho.

Renaud aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha akatoa sharti lake. Dada yake aijaze ile nafasi nyeupe, hapa hapa, sasa hivi. Aandike baba yake alisema nini saa ya kufa na yeye alijibu nini. Lisipungue neno. Na chini asitie Mlinzi. Atie Sibylle de Lanquetot, herufi kubwa, jina lake alilolificha miaka minne. Akifanya hivyo, kiti ni chake, na nakala elfu kumi na mbili zitauzwa Jumapili mbele ya makanisa kwa watu wale wale waliokuwa wakimwandikia "mpendwa". Watamtemea mate akienda kupokea ekaristi. Lakini atakuwa amekaa.

"Unataka kiti au unataka uso?" alimuuliza. "Huwezi kuondoka na vyote."

Jenerali alimsihi Sibylle akatae. Alimwambia gazeti na life, lakini mwanamke wa ukoo haandiki aibu yake ukurasa wa kwanza. Gontran alimsihi aandike. Hajawahi kutamani kusoma kitu kiasi hicho.

Sibylle alivuta kiti cha mzee mmoja bila kumwomba. Akachovya kalamu.

"Una hakika unataka lisipungue neno?" alimuuliza kaka yake.

"Hata nukta."

Alianza na jina. Aliliandika chini kabisa ya ile nafasi, kubwa, akalitazama kitambo, lilikuwa zuri. Ndipo akapanda juu na kuandika mengine, upesi, kama mtu aliyekwisha yakariri. Alipomaliza aliugeuza ukurasa, akausukuma mezani hadi mbele ya Renaud.

Renaud alisoma. Kisha akasoma tena, na safari hii midomo yake ilikuwa ikicheza juu ya ufizi. Jenerali aliyekuwa nyuma yake aliinama na kusoma naye, kwa sauti, maana hajui kusoma vingine.

"'Alimwita Renaud ili amwombe radhi kabla ya hukumu ya Mungu. Alisema: mwambieni ni mimi niliyewaandikia Wajerumani ile anwani ya Lyon. Nikamjibu, amekufa, Baba, lala.'"

Chini kule mchinjaji alikuwa akipiga mluzi.

"Ulitaka kusikia baba yako akikuita," Sibylle alisema polepole. "Haya. Amekuita. Sasa tia saini, kaka. Umeahidi mbele ya watu tisa, na mashine inangoja."

Renaud alichukua kalamu. Aliipeleka chini ya ukurasa, mahali pa mkurugenzi, na ncha yake ikagusa karatasi, ikaacha tone. Sibylle alikuwa tayari ameweka kiganja juu ya mgongo wa kiti, kwenye ua, akisubiri kiachwe wazi.

Tone likakua. Saini haikuja.

"Anwani ile sikumpa baba," Renaud alisema. Alikuwa bado ameinamia ukurasa, na sauti yake ilikuwa ndogo, karibu ya upole. "Alikuwa ameshatangaza hana mwana, ningempa vipi? Nilimwandikia mtu mmoja tu nyumbani kwetu, aniletee soksi."

Akageuza kalamu, akamrudishia dada yake kwa upande wa kushikia.

Sibylle alitazama ukurasa. Kati ya mstari wake wa mwisho na jina lake palikuwa pamebaki nafasi, na nafasi ile ilitosha mstari mmoja, wa kusema anwani ile ilimfikiaje baba.